Kabla Hujalipia Karatasi, Mwone Mama wa Mbwa

Hotuba ya daktari wa mifugo kwa wakazi na wafugaji wa mbwa, Arusha

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana mliokuja na mbwa wenu na mliokuja mikono mitupu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila daktari wa mifugo mjini hapa hulisikia: "Daktari, nataka mbwa. Nichukue wa mbegu au chotara?" Nitalijibu mapema, halafu nieleze sababu zangu. Kwa nyumba nyingi ninazozifahamu hapa kwetu, chotara au mbwa wa kienyeji ambaye mama yake anajulikana ndiye anayefaa zaidi. Mbwa wa mbegu safi naye ana mahali pake, nitapafikia. Ninachokipinga ni tabia ya kulipia karatasi ya ukoo huku mnunuzi hajauliza lolote kuhusu afya ya wazazi. Nimewapokea watoto wa mbwa walionunuliwa hivyo, wengine wamelipiwa fedha ya kununulia ng'ombe wa maziwa, na hawakumaliza mwezi.

Tuanze na hiyo mbegu safi. Wengi tunadhani ni kitu cha asili, kwamba tangu zamani kulikuwa na German Shepherd hapa na Rottweiler pale, na kila mmoja amebaki na damu yake. Sivyo. Usafi wa mbegu ni kazi ya daftari, na daftari lenyewe si la zamani. Kennel Club ya London, chama kinachotunza daftari la ukoo wa mbwa, ilianzishwa mwaka 1873, na ile ya Marekani mwaka 1884. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walifanya walichofanya babu zetu: mbwa hodari wa kuchunga alipandishwa na hodari mwenzake, mwindaji na mwindaji. Daftari lilipokuja, likaweka sharti kwamba anayeandikwa ni yule tu ambaye baba na mama wameshaandikwa. Mlango ukafungwa. Tangu hapo ni nadra sana damu ya nje kuingia, hata kama iko kwa jirani na ni njema.

Chukueni huyo German Shepherd tunayempenda sana. Mwaka 1899 afisa mstaafu wa jeshi la farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa Karlsruhe, akamwona mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akamnunua palepale. Akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, na mwezi huohuo wa Aprili akaanzisha chama na kumwandika kuwa wa kwanza. Huyo wa kwanza alitoka kwa mbwa wa wachungaji wa mikoa mbalimbali ya Ujerumani, walioonana na kuzaana kwa sababu walikuwa wanafanya kazi. Kwa lugha yetu ya mtaani tungemwita chotara. Na von Stephanitz mwenyewe alisisitiza kazi kuliko umbo. Waliokuja baadaye wakapenda mgongo ulioinama na miguu ya nyuma iliyolala, na leo nyonga ni moja ya matatizo yanayojulikana sana katika jamii hiyo: mbwa wa miaka sita anashindwa kunyanyuka asubuhi.

Wafugaji wa ng'ombe mliopo hapa, jambo hili mnalijua kuliko mimi. Friesian safi anakupa maziwa mengi, lakini anataka josho kila wiki, anataka pumba na mashudu, na ndigana kali ikipita ndiye wa kwanza kulala chini. Ukimpandisha na wa kienyeji unapata chotara: maziwa yanapungua, uvumilivu unaongezeka sana. Hakuna mtu Arumeru anayemdharau ng'ombe chotara. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akija kutafuta mbwa anasema chotara hafai.

Sasa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu kinahusu mbwa wa Afrika na kinaonyesha vizuri gharama ya kufunga daftari.

Katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo, wanakoishi Wambuti na Wazande, kuna mbwa wadogo wa kuwinda, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na ni nadra kubweka. Kwa kuwa habweki, mwindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili ajue aliko kichakani. Mwaka 1895 Waingereza walipeleka wawili London. Wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoambukizana kati ya mbwa. Wakajaribu tena miaka ya 1930, safari hii wakafanikiwa, na mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Crufts. Wakaitwa Basenji. Wakaandikwa daftarini, na daftari likafungwa wakiwa wachache sana. Mbwa wote wa jamii hiyo waliosambaa Ulaya na Marekani walikuwa watoto na wajukuu wa kikundi kidogo kilichovuka bahari.

Mnajua kinachofuata ndugu wakioana kizazi baada ya kizazi. Kwanza likajitokeza tatizo la damu: chembe nyekundu zinavunjika kabla ya wakati, mbwa anakufa akiwa kijana. Miaka ya 1970 wanasayansi wakapata kipimo, na wafugaji kwa nia njema kabisa wakawaondoa kwenye uzazi mbwa wote waliobeba kasoro ile. Lakini kila aliyeondolewa aliondoka na mema yake yote mengine. Kundi likazidi kuwa dogo, na katika kundi lililobaki kasoro nyingine ikapanda, ya figo, iitwayo Fanconi. Figo inamwaga sukari, protini na madini kwenye mkojo. Mbwa anakunywa maji bila kukoma na kukonda, mara nyingi baada ya miaka minne, yaani akiwa ameshazaa na kurithisha.

Wafanyeje? Wafugaji kadhaa wa Marekani wakaamua kurudi kwenye chanzo. Mwaka 1987 na 1988 walisafiri hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaingia vijijini, wakatafuta mbwa wa wawindaji, wakarudi nao. Mwaka 1990 Kennel Club ya Marekani ikakubali kulifungua daftari ili mbwa wale waandikwe. Mbwa wasio na karatasi yoyote, waliolala jikoni na kula makombo, ndio waliokwenda kuongeza uhai katika damu yenye karatasi za miaka hamsini. Nikisikia mtu hapa Arusha anasema "huyo ni wa kienyeji tu," huwa nakumbuka safari ile. Watu walivuka bahari kuja kumtafuta huyo wa kienyeji.

Kisa cha pili ni cha Rhodesian Ridgeback, mbwa mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Alitokana na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika waliochanganyika na mbwa wa walowezi, na vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mstari ule wa mgongoni ukawa ndiyo alama ya usafi. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa bila mstari aliuawa, kwa kuwa alionekana si halisi. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba vinasaba vinavyoleta mstari ule vinahusika pia na kasoro ya tundu jembamba linalotoka kwenye ngozi kushuka kuelekea uti wa mgongo, linalokusanya uchafu na kuoza, na kwamba anayerithi mstari kwa baba na kwa mama ndiye aliye hatarini zaidi. Wasio na mstari ni nadra kupata kasoro hiyo. Maana yake waliokuwa wanauawa ni wale wenye migongo mizima. Mimi ni daktari, nimeapa kupunguza mateso ya wanyama, na jambo hili linaniumiza kila ninapolisema.

Dalmatian nao walifika mahali ambapo jamii nzima ilikuwa na kasoro ya asidi ya mkojo inayoleta mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian mara moja tu na mbwa wa jamii ya Pointer, kisha akarudisha watoto kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Vinasaba vizuri vikarudi, madoa yakabaki. Kennel Club ya Marekani ilichukua hadi mwaka 2011 kuwakubali moja kwa moja. Dawa ilipatikana mapema, lakini kwa muda mrefu daftari liliikataa kwa sababu ya babu mmoja.

Sasa nisije nikaonekana nauza chotara kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za hospitali yake za miaka 15, zenye mbwa zaidi ya 27,000 waliokuwa na magonjwa ya kurithi. Waliangalia magonjwa 24. Kumi yalionekana zaidi kwa mbwa wa mbegu safi. Moja, la kukatika kwa mshipa wa goti, lilionekana zaidi kwa chotara. Kumi na matatu yaliyobaki hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia chotara haugui, anakudanganya. Ukimpandisha German Shepherd mwenye nyonga mbovu na Rottweiler mwenye nyonga mbovu, utapata chotara mwenye nyonga mbovu. Na siku hizi kuna wanaochanganya kwa makusudi ili wapate jina jipya na bei mpya, bila kupima mzazi yeyote. Hao nawaweka kapu moja na wauza karatasi.

Na tabia je? Watu husema, "Nataka jamii fulani kwa kuwa ni wapole," au "wale ni wakali, watalinda." Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa Marekani uliouliza wenye mbwa zaidi ya 18,000 kuhusu tabia za mbwa wao na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000. Ukaonyesha kwamba jamii ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Umbo unaweza kulitabiri kwa jamii, tabia kwa kiasi kidogo sana. Sehemu kubwa iliyobaki iko kwa mbwa mwenyewe, kwa baba na mama waliomzaa, na kwa malezi. Mbwa aliyefungwa cheni ya mita moja tangu ana miezi miwili atakuwa mwoga au mkali bila mpango, awe wa mbegu au asiwe.

Nilisema mbwa wa mbegu ana mahali pake. Pale Usa River, si mbali na hapa, shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mafunzo ya mbwa wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, wanaofanya kazi bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Wanatumia jamii kama Malinois na Spaniel, waliochaguliwa mmoja mmoja. Hapo sina ugomvi. Kazi ni moja, ni ngumu, inahitaji hamu ya kutafuta ambayo imejengwa kwa vizazi, na kila mbwa ana askari wake, daktari wake na chakula chake. Vivyo hivyo mfugaji anayejua anachofanya, anayepiga picha za eksirei za nyonga kabla ya kupandisha na kukuonyesha majibu, huyo namheshimu na nitakupeleka kwake mwenyewe. Daftari likitumika hivyo lina faida: unamjua baba, unamjua babu, unajua walikufa kwa nini.

Lakini wengi wetu hapa tunataka nini? Mbwa wa kubweka usiku mgeni akikaribia geti. Wa kukaa na watoto. Wa kuongozana na mbuzi. Ndugu zetu Waislamu wengi mlio hapa mnafuga kwa ajili hiyohiyo, mbwa wa ulinzi na wa mifugo, ambaye mafundisho yenu yamempa ruhusa, na mnamtengea banda lake nje. Kwa kazi hizo mbwa wa kienyeji ni hodari. Mara nyingi hafiki kilo 25. Anakula ugali wa dona na dagaa na bado ana nguvu, ingawa nitasema tena na tena: mpe na nyama au utumbo uliochemshwa, usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, anaweza kuvuka kilo 60. Piga hesabu ya nyama ya mwezi kabla hujamleta, maana mbwa mkubwa akilishwa ugali mtupu wakati anakua, mifupa inapinda, na hapo hata mimi sina la kufanya.

Halafu kuna kupe. Homa ya kupe tunaitibu mwaka mzima, na mvua zikianza foleni inaongezeka. Ugonjwa wa ehrlichia, mmoja wa hayo ya kupe, unajulikana kuwa mkali zaidi kwa German Shepherd: damu inatoka puani, uboho unakauka. Mbwa wa kienyeji hupata vimelea hivyohivyo, lakini wengi wametoka kwa wazazi waliovishinda. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kuhara damu, nayo huwashika vibaya zaidi Rottweiler na Doberman. Na wale wa pua fupi, Bulldog na Pug, nawaomba sana: mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu amenyimwa njia ya kuhemea. Hapa Arusha kuna ubaridi kidogo, lakini kumpeleka Dar es Salaam mwezi wa Januari ni kumtesa.

Mkienda kuchukua mbwa, fanyeni hivi. Msikutane na muuzaji barabarani wala stendi. Nendeni anakoishi mama wa watoto. Mtazameni: amekonda kupita kiasi? Anakimbia watu, au anakuja kunusa mkono? Ngozi yake ikoje, macho yakoje, anatembeaje? Watoto watachukua mengi kwake, kwa damu na kwa kumwiga. Akija mwenyeji na maneno ya "mama yuko shamba," rudini nyumbani. Ulizeni baba ni nani, na kama ni ndugu wa mama. Ulizeni amezaa mara ngapi. Jike anayezalishwa kila akipata joto ni mtambo wa fedha, na watoto wake wanazaliwa dhaifu.

Mtoto asichukuliwe kabla ya wiki nane. Wanaouza wa wiki tano wanakwepa gharama ya maziwa na chakula, na anayelipa ni wewe. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo mbwa anajifunza dunia: sauti za pikipiki, watoto wanaokimbia, mgeni mwenye kofia, mbuzi. Akikosa hayo wakati ule, baadaye ni kazi ngumu. Chanjo za parvo na distempa zianze akiwa na wiki sita hadi nane, zirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki kumi na sita. Kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na uhusiano wake na mbwa wa vijijini ambao hawakuchanjwa umeandikwa sana. Kichaa cha mbwa nacho kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Katika asilimia hiyo, mbwa wa elfu tano na wa milioni moja wanahesabiwa sawa.

Kuna mtu aliniuliza kabla ya kikao kama namshauri aagize mbwa kutoka Nairobi, kwa mfugaji anayeandikisha kwa East Africa Kennel Club. Nimemjibu kwamba kama ataletewa majibu ya picha za nyonga za wazazi wote wawili, na kama ana kazi ambayo mbwa wa hapa hawezi kuifanya, aagize. Kama anataka mlinzi wa nyumba, apite kwanza mitaani kwetu. Sasa hivi kuna majike yaliyozaa, wenye nyumba wanahangaika wafanye nini na watoto saba, na mwisho wake wengine hutupwa mtoni ndani ya kiroba. Mwenye jike aliyezaa aniletee taarifa pale mezani. Tutawachanja watoto, tutawapa dawa ya minyoo, na mama tutamfunga kizazi. Anayetafuta mbwa naye ajiandikishe hapohapo, tuwakutanishe. Mkija kumwona mama wa watoto, njooni na wanenu, kaeni nusu saa nzima, na msiwe na haraka ya kuondoka naye siku hiyohiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nadhani yule mama pale nyuma alishanyoosha mkono.